Neno Moja kwenye Karatasi ya Delphine

Mama Kunda,

Barua hii nimeianza mara ine na mara ine nimeipasua, lakini leo nitaimaliza, juu nikibaki na haya mambo peke yangu kichwa kitaharibika. Nisaidie, mama, kama unavyosaidia bengine ku radio, ao kama hakuna musaada, basi unisikie tu. Majina ya batu nimeyageuza yote, hata langu, uniite Gaëlle.

Niko na miaka makumi mbili na saba, mutoto wa Likasi, nilisoma Kingereza miaka tatu ku institut nikapata diplôme, na nyuma ya diplôme nikakaa miaka ine bila kazi, nikisaidia mama yangu kuuzisha makala ya kupikia, mpaka association moja ya Lubumbashi ikatangaza inatafuta batu ba kujitolea, benye kujua Kingereza, baende inchi ya Zambia, kandokando ya ziwa Mweru, kufundisha familia za Bakongomani benye kuishi na kazi ya samaki kule, juu batoto babo hawawezi kufuata masomo ya serikali bila Kingereza, na bamama babo wakienda soko ao kliniki banarudi hawakusikia kitu. Mushahara hakuna, ni chakula, nyumba, na certificat mwisho wa mwaka. Nilikubali mbio, na nitakuambia ukweli, haikuwa upendo, nilitaka kutoka nyumbani kwa mama na nilitaka ile certificat.

Balinipeleka ku kambi moja ya bavuvi, kaskazini ya Mununga, kwenye njia ya kwenda Chienge, na pale, Mama Kunda, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikawa mutu. Kule Likasi nilikuwa ule mutoto wa makala. Huku bamama banasimama nikipita, bananibebea kiti kichwani mpaka mu chapelle mwenye tunafundishia, saa ya mangaribi, nyuma ya kuanua chisense, zile samaki ndogo ndogo za kukausha, na kila mutu anasema, mwalimu wetu, mwalimu wetu. Hakuna kati yabo mwenye aliweza kujua kama Kingereza changu ni cha mu cahier ya kalasi tu, kama radio ya Lusaka ikisema mbio nashika neno moja na tano yananipita. Mutu mwenye angejua ni Mwalimu Elliot, Muzambia, anafundisha ku masomo ya serikali pale barabarani, anasema Kingereza na Kibemba, na Kiswahili kidogo cha kununulia samaki. Mutu wa heshima, alinialika mara mingi nikaone kalasi yake. Nilikuwa namukimbia.

Kati ya bamama kulikuwa mumoja, nitamwita Delphine, mujane, alivuka kutoka Kilwa na binti yake Arlène, mutoto wa miaka kumi na moja. Nyumba yao na yangu zinatazamana. Delphine anakausha chisense na kuipeleka Kashikishi, na alikuwa mwanafunzi wangu wa kwanza kwa kila kitu, neno nikilisema leo, kesho analirudisha likiwa sawa kuliko nilivyolisema. Arlène naye alishika mbio mpaka Mwalimu Elliot akamupokea ku masomo ya serikali, mutoto wa kwanza wa kambi yetu kuingia kule, na siku ile mama yake alicheza njiani akishika kiatu kimoja mukononi.

Delphine jicho lake la kushoto lilikuwa limeanza kuzimika, yeye alisema ni moshi. Mwezi wa kumi, banganga ba macho bakapita ku kliniki siku mbili, batu walikuwa bengi sana, bakamutazama mbio, bakasema naye Kingereza na Kibemba, bakamupatia karatasi. Akakuja nayo moja kwa moja mu kalasi, mbele ya bote.

«Mwalimu, unisomee. Nilishika tu neno la jicho. Nimepita pa mulango wa Mwalimu Elliot, nikasema hapana, sisi tuko na mwalimu wetu.»

Bamama bakapiga makofi. Nikashika karatasi. Ilikuwa mistari mbili tu, nayijua kichwani mpaka leo: jicho la kushoto limekufa, na la kuume, «will eventually go blind without an operation», apelekwe ku hospitali ya Mansa. Niliposoma «eventually», mu kichwa changu likasema éventuellement, ile ya Français yetu, maana yake labda, pengine, kama ikitokea. Nilijua kama neno hili silijui vizuri, na dictionnaire ilikuwa mu sac yangu, hapa pa miguu. Nikasoma ule mustari tena. Delphine akaona.

«Ao nimupelekee Elliot aangalie?»

«Elliot ya nini?» nikasema. «Mimi si niko hapa?»

Na nikamwambia, Mama Delphine, banasema la kushoto limekwisha, lakini la kuume labda litapata shida, labda hapana, ukipata nafasi siku moja uende Mansa. Akapumua, akacheka, akasema, «Ah, kama ni labda, basi labda itaningoja,» na bote bakacheka, na mimi nikacheka pamoja nabo. Akapanga hivi: serikali inafunga ziwa mwezi wa kumi na mbili, linafunguliwa mwezi wa tatu, atauzisha chisense ya kwanza apate ya njia, ndipo ataenda.

Sasa hii yenye inafuata ndiyo ilinifanya nipasue barua mara zote ine. Mwezi wa kwanza nilikuwa natayarisha somo, nikaona lile neno tena mu kitabu, nikafungua dictionnaire. Haikuwa labda. Ilikuwa mwishowe, nyuma ya muda, bila shaka. Ni kusema ile karatasi ilikuwa inasema jicho la kuume litakufa, hakuna pengine, litakufa kama hawamufanyie opération. Nikavuka kwake saa ile ile, nikamukuta anatwanga mihogo, anaimba, na nikasema, «Mama Delphine, ile mambo ya Mansa, ni muzuri uende mbio.» Akanitazama na jicho moja.

«Si ulisema ni labda?»

«Ndiyo, lakini...»

«Basi mwezi wa tatu, mwalimu. Uniletee kile kinu kidogo.»

Nikamuletea kinu, Mama Kunda, nikatoka. Nikasema kesho nitamwambia. Kesho yake nikasema kesho.

Mwezi wa tatu ziwa likafunguliwa, lakini chisense ya kwanza haikutosha ya njia. Mwezi wa ine aliniomba niandike maneno makubwa ku tableau ya kalasi, nikaandika makubwa. Akahamia kiti cha mbele. Mwezi wa tano alianza kuanika chisense njiani, mahali batu wanapita, juu hakuona mukeka unaishia wapi. Ndipo tukaenda Mansa, mimi na yeye, na nilienda kama mutafsiri wake. Munganga alikuwa mwanamuke, amechoka, akamuangalia na taa ndogo muda murefu, akasoma ile karatasi, akanigeukia na kuniuliza kwa Kingereza, taratibu kabisa, ni nani alimusomea hii karatasi? Who read this paper to her? Kila neno nililisikia. Delphine akageuza uso upande wangu.

«Anasema nini?»

«Anauliza kama ulikuwa unapika na kuni.»

Delphine alikawia kidogo. Kisha akasema, «Umwambie ndiyo. Miaka yote, kuni.»

Na mimi nikamujibu munganga kwa Kingereza kama hakuna mutu alimusomea. Yule mama akatikisa kichwa, akasema angekuja mwezi wa kumi jicho hili lingebaki. Delphine akaniuliza tena amesema nini, nikamwambia amesema ni mapenzi ya Mungu. Mu bus tukirudi alinishika mukono na kusema, «Asante mwalimu, bila weye ningesema nini na bale batu.»

Sasa haoni hata muchana. Arlène aliacha masomo, juu nani atamuongoza mama yake, na kila asubui nasikia ule mutoto anasema, jiwe mama, maji mama, geuka mama. Na Delphine bado anakuja mu kalasi, anakaa mbele, anarudisha kila neno na sauti kubwa kuliko bote. Jean-Claude, mukubwa wa association, alikuja kututembelea akamupiga foto, anasema hii foto itafungua milango, mama kipofu anajifunza Kingereza, na mimi banataka kunipongeza na kunipatia mwaka wa pili. Mwaka wangu unaisha nyuma ya wiki tatu. Nikisema ukweli, bamama hawataamini tena mwalimu hata mumoja, kalasi itakufa, batoto bengine watakosa masomo juu yangu, na Delphine atabaki na nini zaidi ya hasira? Nikinyamaza, narudi Likasi na certificat yenye siwezi hata kuishika mukononi. Kula sikule. Niliwaza hata kuondoka bila kuaga, nifanye kazi kule Likasi, nikuwe namutumia kitu. Mama, nifanye nini?

Gaëlle, ku mwambao

—

Gaëlle, mutoto wangu,

Barua yako nilisoma mara mbili. Ya kwanza nililia, ya pili nilikasirika. Nitakujibu na ile ya pili, juu machozi yako yanatosha.

Nianze na yenye si zambi. Kukosa kujua neno si zambi. Lile neno na la Français ni mapacha ya sura, lingedanganya hata batu ba akili kuliko weye, na bale benye walikutuma ufundishe bila kukupima beko na sehemu yabo. Tena nakuhurumia. Mutu mwenye alidharauliwa miaka ine, siku anabebewa kiti kichwani, ni nguvu kusema mbele ya batu, sijui. Ya mwezi wa kumi naisikia. Haikuwa muzuri, dictionnaire ilikuwa pa miguu yako, lakini naisikia.

Ya mwezi wa kwanza siisikie, na usiniombe niisikie. Siku ile ulijua. Jicho lilikuwa bado linaona, lilikuona ukisimama pale mulangoni, na weye ukabeba kinu. Kutoka siku ile mpaka Mansa ni miezi ine, na kila siku ya miezi ile ulichagua. Unaandika «nikasema kesho» kama vile kesho ndiyo ilikosa. Kesho haikukosa kitu. Na ku Mansa ulifanya mubaya zaidi: ulinyanganya mama huyu sauti ya munganga wake, ukamubambikia Mungu kazi yenye Mungu hakufanya. Useme zambi yako kwa jina lake, utaona hata kula kutarudi kidogo.

Sasa unisikilize vizuri. Unaniuliza kama umwambie Delphine. Gaëlle, Delphine anajua. Weye mwenyewe umeandika kama ni mwanafunzi wako wa kwanza. Miezi mingi ulimufundisha «who», ulimufundisha «read», ulimufundisha «paper», na munganga alisema taratibu kabisa. Unazani masikio yake nayo yalizimika? Alikawia kidogo, ndivyo umeandika. Mule mu kukawia alikuwa anakungojea. Ukasema kuni, naye akasema kuni. Sijui kwa nini alikubali. Pengine hakuwa na mutu mwingine wa kumushika mukono mpaka nyumbani. Pengine anakuja mbele ya kalasi kila siku na kusema na sauti kubwa juu usikie kama yeye anasikia. Ni mawazo yangu, naweza kukosa. Lakini hata kama nakosa, weye acha kuwaza uko unamulinda. Uko unajilinda.

Kalasi itakufa? Hata ikufe. Batoto ba kambi hawahitaji mwalimu mwenye kuogopa tableau. Lakini nakuambia haitakufa, juu Mwalimu Elliot yuko pale barabarani tangu mwanzo, na mulango wake uko wazi. Ni weye peke yako ulikuwa unamukimbia.

Basi fanya hivi. Enda kwa Delphine muchana, yeye na weye tu, Arlène akiwa mbali kidogo. Useme kwa Kiswahili, useme yote: neno, dictionnaire, kinu, Mansa, Mungu. Usianze na kulia, juu ukilia yeye ndiye ataanza kukufariji, na hiyo itakuwa wizi mwingine. Usimuombe akusamehe. Akikufukuza, utoke. Akikutemea mate, upanguse. Akinyamaza, ukae, ungoje, na usijaze kimya chake na maneno yako. Macho hayatarudi, Gaëlle, hii siwezi kukudanganya, na weye utaishi na jambo hili mpaka uzeeni. Mimi sina dawa ya kuliondoa.

Lakini Arlène anaweza kurudi masomo, na hii usingoje mutu akusamehe ndipo uifanye. Enda kwa Elliot, umwambie ukweli ule ule, umuombe afungulie mutoto nafasi yake. Asubui, mutu wa kusema «jiwe mama, maji mama» akuwe weye, kama Delphine atakubali mukono wako. Kama atakataa, utafute mama mwingine wa kambi, na weye umufanyie huyo kazi yake ya mukeka wa samaki. Usirudi Likasi nyuma ya wiki tatu. Ulitaka mwaka wa pili wa kupongezwa, sasa ukae mwaka wa pili bila kupongezwa. Na ile mambo ya kutuma kitu kutoka mbali, uisahau. Ni njia ya kukimbia ukiwa umevaa nguo ya huruma.

Jean-Claude umuandikie leo. Aondoe ile foto, na ajue alituma mutu wa namna gani. Certificat wakikunyima, ni haki.

Na kuna jambo haukuliwaza hata kidogo, na ndilo limenikosesha raha kuliko yote. Delphine hakuwa peke yake kukuletea karatasi. Mwaka muzima ulikuwa mwalimu wetu, mwalimu wetu. Ni karatasi ngapi za kliniki ulisoma mule kambini? Za bamama ba mimba? Za dawa za batoto? Ukusanye zote, zote kabisa, nyumba kwa nyumba, umupelekee Elliot, azisome pamoja na weye mbele ya benye karatasi zabo. Mahali ulikosa, useme nilikosa. Wiki hii. Pengine kuna jicho lingine mule lenye bado linaona.

Mu kalasi, siku utarudi mbele ya tableau, kama watakuruhusu, neno la kwanza uwafundishe ni lile lenye lilikushinda. Uliandike, useme maana yake ya kweli, na useme lilimugarimu nani.

Mwisho ni huu. Nyumba zenu zinatazamana, unaweza kusikia sauti ya mutoto wake asubui, lakini barua uliituma ku radio. Nilijiuliza sana kwa nini. Nafikiri ulitaka radio ikusemee. Nilikuandikia ku ile numero uliyoacha mu barua, nikakuuliza, nisome ku radio ao niache? Ukajibu neno moja: «Soma.» Nikakuambia, nitasoma siku ya yenga, batu bakiisha kutoka kanisani, uko na siku ine za kumwambia kabla yangu. Siku zile ine zimekwisha, leo ni yenga. Majina uligeuza, lakini kila mutu wa kambi yenu mwenye ananisikia sasa ameisha kujua ni nani, na mutu mwenye haoni, radio ndiyo rafiki yake wa kutwa.

Weye mama, mwenye najua hauitwi Delphine: kama uko hapo, unisamehe mimi kwa kuingia mu nyumba yako namna hii. Hakuna mutu anaweza kukulazimisha kusamehe, hata pasta, hata mimi. Binti yako arudi masomo, hii tu nakuomba uikubali, kutoka kwa yeyote atakayeileta.

Na weye Gaëlle, kama ulimwambia mu siku zile ine, kaa karibu naye, usitoke hata akinyamaza. Kama haukumwambia, basi ananisikia wakati huu huu, na mimi mugeni nimesema mahali pako. Usingoje nimalize. Vuka, simama mbele yake, na useme: ni mimi.